Hisa Yako Iko Kwenye Daftari la Nani?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Morogoro, kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo. Wanachama wengi walikuwa mashambani, wakaomba niiweke yote waisome. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziondoa.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wetu mliofanya kazi viwandani hapa tangu enzi za Mwalimu, kina mama, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mwenyekiti alinipigia simu mwezi uliopita. Akasema, "Mama, kuna mtu ana kinu cha kukoboa mpunga, anataka kutuuzia nusu ya hisa. Wanachama wamefurahi. Wewe umekagua hesabu za makampuni miaka mingi, njoo useme neno kabla hatujapiga kura." Nikakubali. Lakini kinu nitakifikia mwisho. Nataka kwanza niwapeleke mbali, mahali nilipoona kwa macho yangu nchi nzima ikigawiwa kwa wananchi wake, kiwanda kwa kiwanda, na nikaona mali ile ilivyowaponyoka.

Nilifika Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, Septemba 1989 kwa udhamini wa masomo. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa bado nahangaika na lugha yao wakati watu walipojaa barabarani mwezi Novemba, na kabla ya mwaka kuisha Václav Havel, mtu aliyekuwa ametoka gerezani mwaka huo huo, akaapishwa kuwa rais. Mimi binti wa Kilosa nilisimama kwenye theluji nikiangalia. Nilikuja kusoma uhasibu wa nchi ya kijamaa, na ule ujamaa ukaisha kabla sijamaliza darasa la lugha.

Sasa tafakarini swali walilokuwa nalo viongozi wapya. Karibu kila kitu kilikuwa cha serikali, kuanzia kiwanda cha chuma mpaka duka la kinyozi. Wanataka kuuza. Watamuuzia nani? Wananchi hawana fedha, maana miaka 40 walikuwa wakilipwa mishahara inayokaribiana na hakuna aliyeruhusiwa kuweka mtaji. Hungaria waliamua kuuza kwa wageni wenye fedha. Kiwanda chao maarufu cha taa, Tungsram, kilikwenda kwa General Electric ya Marekani tangu 1989. Chekoslovakia, waziri wa fedha Václav Klaus alikuwa na wazo jingine. Alisema, kama wananchi hawana fedha, tuwape fedha ya aina yake. Tuwape kuponi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mtu mzima ananunua kitabu cha kuponi kwa korona 35, anabandika stempu ya korona 1,000, anapata pointi 1,000. Kwa pointi hizo anaomba hisa za kampuni anazozitaka kwenye orodha. Watu milioni 8.5 walijiandikisha mzunguko wa kwanza, katika nchi ya watu kama milioni 15 na nusu. Sijui kama kabla ya hapo kulikuwa na mahali pengine Ulaya ambapo watu wengi hivyo walipata kuwa wanahisa kwa mara moja.

Bwenini kwetu kulikuwa na mama mpishi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono imepasuka kwa maji ya moto. Alinipakulia supu mara mbili kila jioni, akisema mtoto wa nchi ya joto hawezi kuumaliza usiku wa kule kwa sahani moja. Jioni moja ya Januari 1992, watu wamekwisha kula, alifuta meza kwa aproni yake mpaka ikakauka kabisa. Kisha akatoa kijitabu chembamba mfukoni, akakiweka mbele yangu taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akanionyesha stempu aliyoibandika. Stempu ile moja ilikula mshahara wake wa zaidi ya wiki. Akaniambia, "Binti, sasa na mimi nina kiwanda."

Nikamwuliza, "Kiwanda gani, mama?"

Hakujua. Atajuaje? Orodha ilikuwa na kampuni zaidi ya elfu moja: za saruji, za viatu, za bia, za mitambo. Hata mimi niliyekuwa nasoma uhasibu nisingeweza kumwambia ipi ina deni na ipi ina faida, kwa sababu hesabu zenyewe hazikuwapo kwa namna ya kumsaidia mtu kuamua.

Nani basi akajitokeza kumsaidia? Mifuko ya uwekezaji. Mamia ya mifuko. Maarufu kuliko yote ilikuwa ya kijana wa miaka 28, Viktor Kožený. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Harvard, akarudi kwao na kuipa kampuni yake jina hilo la Harvard, ingawa chuo hakikuhusika nayo kwa lolote. Aliahidi kwenye televisheni na kwenye mabango: nipe pointi zako, baada ya mwaka mmoja na siku moja nitakurudishia mara kumi ya ulichotoa. Mara kumi! Watu waliokuwa wamesita kununua vitabu wakapanga foleni kwenye baridi. Mifuko mingine nayo ikaahidi yake. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, zaidi ya asilimia 70 ya pointi zote zilikuwa mikononi mwa mifuko.

Mama yangu mpishi alitoa pointi zake zote kwa mfuko mmoja ambao sitautaja. Mwaka uliofuata akapata karatasi iliyochapwa kwa kompyuta: jina lake, namba, idadi ya hisa. Cheti hakikuwapo, kila kitu kilikuwa kwenye mashine ya ofisi fulani mjini. Aliitia karatasi ile kwenye fremu.

Ndugu zangu, naomba tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mama huyu ana hisa kwenye mfuko. Mfuko una hisa kwenye viwanda. Nani anakaa kwenye bodi ya kiwanda? Mtu wa mfuko. Mfuko wenyewe unaendeshwa na nani? Mara nyingi na kampuni iliyoanzishwa na benki. Na benki ni ya nani? Benki kubwa serikali ilikuwa bado na hisa nyingi ndani yake. Mnaona duara hilo? Mali imetoka serikalini, imepita mkononi mwa mpishi, imekwenda kwenye mfuko, na mwisho wake inasimamiwa na watu ambao mpishi hawezi kuwauliza, na serikali haiwaulizi.

Wacheki walipata neno la kueleza kilichofuata: tunelování, yaani kuchimba handaki. Neno hilo lilitoka kwao likaingia kwenye vitabu vya uchumi vya dunia nzima. Nitawaeleza kwa mfano wa kinu chetu, mtaelewa mara moja.

Tuseme ninyi mna nusu ya kinu na mimi nina nusu, lakini mimi ndiye meneja. Naanzisha kampuni nyingine ndogo kwa jina la shemeji yangu. Kinu kinauzia kampuni ya shemeji mchele kwa bei ya chini. Kampuni ya shemeji inauzia kinu magunia kwa bei ya juu. Kisha kinu kinamkopesha shemeji fedha, naye harudishi. Baadaye kinu kinaweka lori rehani kwa deni la shemeji. Jengo bado lipo. Mashine inanguruma. Hisa zenu bado ni zenu, nusu kamili, hakuna aliyewaibia hata moja. Ila chini ya sakafu kuna handaki, na faida yote inapita humo usiku na mchana. Siku mtakayokuja kudai gawio mtakuta ganda.

Na je, mtamshtaki nani? Mimi nitawaonyesha mikataba. Yote imesainiwa. Yote ina muhuri.

Ndivyo ilivyokuwa kule. Mama mpishi aliletewa barua ya mkutano mkuu wa mfuko wake. Mkutano ulikuwa siku ya kazi, asubuhi, katika mji wa saa kadhaa kwa treni. Angekwendaje, na nani angepika? Baada ya mimi kurudi nyumbani tuliendelea kuandikiana. Mwaka 1997 aliniandikia kwamba mfuko umebadilishwa kuwa kampuni ya aina nyingine, kwa kura ya waliohudhuria, na karatasi yake haina tena anayetaka kuinunua. Hakulalamika sana. Alichouliza ni kama mimi, kwa kuwa nimesomea, ninaweza kumwambia kiwanda chake kilikuwa kipi. Barua ile ninayo mpaka leo, na swali lake sijawahi kulijibu.

Kožený yeye alikwishahamia visiwa vya Bahamas. Mwaka 2010 mahakama ya Prague ilimhukumu kifungo cha miaka 10 bila yeye kuwapo.

Mnaweza kuniuliza: mbona hakukuwa na mlinzi? Swali zuri. Soko la hisa la Prague lilianza biashara Aprili 1993. Tume ya kusimamia soko hilo ilianza kazi Aprili 1998. Miaka mitano! Miaka mitano mlango uko wazi, mizigo inatoka, na mlinzi hajaajiriwa. Viongozi waliamini kwamba mali ikishakuwa ya watu binafsi, wenye mali wataichunga wenyewe. Imani hiyo ingekuwa ya kweli kama mpishi angekuwa na njia ya kuona ndani.

Majirani zao wa Poland walianza kinyume. Machi 1991 walipitisha sheria ya biashara ya hisa na kuunda tume ya kuisimamia. Soko likafunguliwa Aprili 16 mwaka huo huo, likiwa na kampuni tano tu. Tano! Na mnajua lilifunguliwa wapi? Ndani ya jengo lililokuwa makao makuu ya chama cha kikomunisti pale Warsaw. Watu walisema Poland wanachelewa, Prague wameshagawa maelfu. Ugawaji wao mkubwa wa hisa kwa wananchi ulikuja 1995 tu, kampuni 512 chini ya mifuko 15, na wenyewe pia ulikuwa na kasoro zake, kwa sababu mameneja wa mifuko walilipwa vizuri kuliko wanahisa. Lakini soko la Warsaw liliaminika, likakua, likapita la Prague. Kampuni tano zenye hesabu zinazosomeka zilifanya kazi ambayo kampuni elfu zenye giza hazikuifanya.

Nisije nikawaonea Wacheki. Kuna kiwanda chao cha magari cha Škoda, mji wa Mladá Boleslav. Hicho hakikugawiwa kwa kuponi. Volkswagen iliingia mwaka 1991 na hisa kama asilimia 30, kwa mkataba wa kuongeza mtaji, ikaendelea kununua mpaka mwaka 2000 ikakimiliki chote. Leo magari yake yanauzwa nchi nyingi. Kuna Wacheki wanaoumia kwamba fahari yao ni ya Wajerumani, na maumivu hayo nayaheshimu. Lakini mfanyakazi wa pale alijua mwenye kiwanda ni nani na ofisi yake iko wapi.

Sasa twende Urusi. Huko mambo yalikuwa makali zaidi, nami sikuishi huko, naeleza yaliyo wazi kwenye kumbukumbu.

Oktoba 1992 serikali ya Boris Yeltsin ilianza kugawa vocha. Kila raia, mtoto mchanga mpaka bibi kizee, alipewa vocha moja yenye thamani ya rubli 10,000, akilipia ada ya rubli 25. Msimamizi wa zoezi, Anatoly Chubais, aliwaambia watu vocha moja itakuja kuwa na thamani ya magari mawili aina ya Volga. Lakini mwaka huo huo bei za vitu zilipanda kwa asilimia kama 2,500. Mzee aliyekuwa ameweka akiba ya mazishi alikuta inanunua kilo chache za soseji. Ukiwa na njaa, na mkononi una karatasi ambayo huelewi itakusaidia lini, utafanya nini? Wengi waliiuza vituo vya treni. Wapo walioibadilisha kwa chupa za vodka. Wengine waliipeleka kwenye mifuko iliyofunga ofisi na kupotea.

Na wafanyakazi wa viwandani? Sheria iliwaruhusu, wao pamoja na mameneja wao, kununua asilimia 51 ya hisa za kiwanda chao. Viwanda vingi vilichagua njia hiyo. Wazee wangu mliofanya kazi viwandani, mnaisikia hiyo? Asilimia 51, wafanyakazi! Kwenye karatasi huo ni ushindi ambao vyama vya wafanyakazi duniani havijawahi kuupata. Lakini mishahara ikacheleweshwa mwezi, miezi mitatu, miezi sita. Meneja anakuja na kusema: hisa zako nitazinunua mimi, fedha taslimu, leo. Nani angekataa akiwa na watoto wanalia?

Na daftari la wanahisa lilikuwa linatunzwa wapi? Mara nyingi palepale kiwandani, kwenye kabati la mkurugenzi. Waswahili tuna msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeongeza swali: na kama daftari lipo kabatini kwa adui yako? Mwaka 1994, kwenye kiwanda cha alumini cha Krasnoyarsk, kundi la wafanyabiashara wa kigeni walikuwa na hisa asilimia 20. Wakagombana na uongozi. Siku moja wakakuta hawamo. Wamefutwa kwenye daftari. Hisa za mamilioni ya dola, zimefutwa kama mwalimu anavyofuta ubao! Kama hao wenye fedha na mawakili wa London walifutwa, mfagizi wa karakana alikuwa na ulinzi gani?

Kisha ukaja mwaka 1995. Serikali haina fedha, uchaguzi uko mbele. Wenye mabenki wakaja na pendekezo, na aliyelipeleka mbele ya serikali ni Vladimir Potanin: tutawakopesha, ninyi mtuwekee rehani hisa za makampuni makubwa ya mafuta na madini. Msipolipa, tutaziuza. Kila mtu pale alijua serikali haitalipa. Na benki zilizoendesha minada ndizo zilizoshinda minada. Kampuni ya Norilsk Nickel, mojawapo ya wazalishaji wakubwa wa nikeli duniani: asilimia 38 ya hisa zake ilikwenda kwa dola milioni 170.1, wakati bei ya kuanzia ilikuwa milioni 170. Kulikuwa na ofa ya milioni 355. Ikatupwa nje na waendesha mnada. Mji wa Surgut, siku ya mnada wa kampuni ya mafuta ya huko, uwanja wa ndege ulifungwa ili wapinzani wasifike. Asilimia 51 ya Sibneft, kampuni nyingine ya mafuta, ilikwenda kwa dola milioni 100 na kidogo. Miaka kumi baadaye, 2005, serikali hiyo hiyo kupitia kampuni yake ya gesi, Gazprom, ilizinunua hisa za Sibneft, asilimia 72 na kitu, kwa takriban dola bilioni 13.

Waliouza ni wananchi. Walionunua tena kwa bei hiyo ni wananchi hao hao.

Katikati ya miaka hiyo, umri wa kuishi wa mwanamume wa Kirusi ulishuka mpaka miaka 57 na miezi kadhaa mwaka 1994. Sitasema ubinafsishaji peke yake ndio uliowaua. Pombe, hospitali zilizokosa dawa na kukata tamaa vilichangia, na wataalamu bado wanabishana. Lakini mimi nikisikia mtu anasema mageuzi yale yalikuwa tu ya kubadilisha hati za umiliki, nawakumbuka wale wanaume.

Ujerumani Mashariki nitapita haraka. Ninyi mliofika Unguja mmeyaona majumba marefu ya Michenzani. Yalianza kujengwa kwa msaada wa nchi hiyo. Nchi yenyewe haipo tena. Viwanda vyake kama 8,500, vyenye wafanyakazi kama milioni 4, vilikabidhiwa kwa shirika moja, Treuhandanstalt, livitafutie wanunuzi. Lilimaliza kazi mwisho wa 1994 likiwa na hasara ya zaidi ya mark bilioni 250. Mmoja wa wakuu wake wa mwanzo, Detlev Rohwedder, alipigwa risasi nyumbani kwake Aprili 1, 1991. Wanunuzi wengi walitoka Magharibi, na wengine walikuwa washindani wa viwanda walivyonunua. Julai 1993 wachimbaji wa potashi, madini ya kutengenezea mbolea, wa mgodi wa Bischofferode waligoma kula. Walisema mgodi wetu una wateja, kwa nini mnaufunga? Ulifungwa mwaka huo huo ukiisha, chini ya mpango uliouunganisha na mshindani wa Magharibi. Jambo moja tu nataka mlibebe kutoka hapo: mnunuzi anaweza kununua kiwanda ili kisifanye kazi.

Nimewachosha na huzuni. Niwape hadithi moja ambayo huwa naisimulia kwa wanafunzi wangu, na kila mara nikiisimulia moyo wangu unafurahi.

Ukraine, mji wa Kryvyi Rih, kuna kiwanda kikubwa cha chuma, Kryvorizhstal. Juni 2004 serikali ilikiuza kwa dola kama milioni 800. Wanunuzi walikuwa matajiri wawili wa nchini, Rinat Akhmetov na Viktor Pinchuk, na huyu Pinchuk alikuwa mkwe wa rais aliyekuwa madarakani, Leonid Kuchma. Wageni waliokuwa tayari kulipa zaidi walifungiwa nje kwa sharti dogo lililoandikwa kwenye zabuni: mnunuzi awe amekwisha kuzalisha makaa ya koki, yale ya kuyeyushia chuma, ndani ya Ukraine. Sharti dogo! Vijana, mkisoma zabuni yoyote maishani mwenu, tafuteni lile sharti dogo. Ukilipata, jiulize limeshonwa kwa kipimo cha mwili wa nani.

Mwisho wa mwaka ule watu walijaa mitaani Kyiv, serikali ikabadilika. Mahakama ikafuta mauzo. Kikatangazwa upya. Na Oktoba 24, 2005, mnada ulifanyika mbele ya kamera za televisheni, moja kwa moja, nchi nzima ikitazama. Washindani watatu wamekaa mezani. Bei ya kuanzia, bilioni 10 za hryvnia, fedha ya kwao. Wakapandisha. Wakapandisha. Mpaka nyundo inagongwa, Mittal Steel ilikuwa imefika hryvnia bilioni 24.2, karibu dola bilioni 4.8.

Nawaomba mlifanyie hesabu wenyewe. Kiwanda ni kile kile. Tanuri ni zile zile, wafanyakazi ni wale wale, mwaka mmoja na miezi minne imepita. Bei imekwenda mara sita. Kilichobadilika ni nini? Mara ya kwanza mlango ulifungwa. Mara ya pili kila mtu aliona. Ni kweli bei ya chuma duniani haikukaa mahali pamoja miaka ile, nalitaja kwa haki. Lakini haikupanda mara sita.

Ndugu wanachama, nasi hatukuwa watazamaji wa mambo haya. Azimio la Arusha mwaka 1967 lilitaifisha mabenki na viwanda. Mwaka 1993, wakati ule ule Warusi wakiuza vocha zao vituoni, sisi tulikuwa tumeunda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, tukiwa na mashirika yapatayo 400 ya kushughulikia. Vocha hatukugawa. Kila shirika lilitafutiwa mwekezaji. Yapo yaliyosimama na kulipa kodi kubwa mpaka leo. Yapo yaliyogeuzwa maghala, mnayajua, mnapita mbele yake kila siku mkienda sokoni, na wengine wenu mna vitambulisho vyake vya kazi ndani ya sanduku. Nimeona baadhi ya mafaili ya wakati ule. Nilikuwa mkaguzi kijana, na niliwahi kupewa hesabu za kiwanda kimoja ambacho mashine zake zilikuwa zimekwishauzwa chuma chakavu, lakini kwenye vitabu bado zilikuwa zinachakaa asilimia kumi kila mwaka, kwa utaratibu mzuri kabisa. Nilikataa kusaini. Akasaini mwingine.

Watu hubishana sana serikali au mtu binafsi, mzawa au mgeni. Hoja hizo nazijua na zina uzito wake. Lakini tangu usiku ule wa kitabu cha kuponi, swali langu la kwanza limekuwa jingine. Mwenye hisa ndogo kabisa, anaweza kuona nini? Anaweza kufungua daftari? Anaweza kumwuliza meneja kuhusu kampuni ya shemeji, na meneja akalazimika kujibu? Akionewa, mahakama itamsikia kabla hajazeeka? Palipo na majibu, hata hisa moja ni mali. Pasipo na majibu, asilimia 51 ni karatasi ya kutia kwenye fremu.

Basi, kinu. Nilimwomba muuzaji anipe kabrasha lake, naye alinipa bila ubishi, na kwa hilo namshukuru hadharani. Nililisoma usiku tatu. Daftari la wanahisa limo: wanahisa ni wawili, yeye na mke wake, na limesajiliwa ipasavyo. Hati ya kiwanja imo. Mashine niliziona mwenyewe Jumatano, zinafanya kazi. Kuna mkataba wa kuuza pumba kwa kampuni moja ya usafirishaji kwa miaka mitano, bei ikiwa imefungwa. Sijajua bado wenye kampuni hiyo ni akina nani, na nimemwandikia barua kuuliza. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka juzi zimo. Za mwaka jana zimo. Za mwaka uliotangulia hiyo miwili hazimo.

Nakala nimetoa hamsini, ziko pale mezani karibu na mlango, pamoja na barua yangu. Ndugu Mwenyekiti, muuzaji yupo nasi ukumbini, amekaa mstari wa pili. Naomba kwa ruhusa yako tuanze na mwaka ule usiokuwapo.